Mshipa Upi, Mzee?

Mjomba wangu, mzee wa miaka 68 aliyevuta sigara tangu ujanani, alianza kulalamika mwaka jana kwamba mshipa wa mguu unamsumbua. Akitembea hatua 200 hivi, shavu la mguu humkaza. Akisimama kidogo, maumivu hutoweka. Katika zahanati moja alipewa dawa ya kuchua. Akachua miezi minane.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo, naamini kosa lilianzia katika neno. Waama, mshipa kwetu ni njia ya damu itokayo moyoni, ni njia ya damu irudiyo, ni neva, na hata busha huitwa mshipa! Mhudumu alidhani ni mkazo wa misuli. Kumbe ateri ilikuwa imeziba.

Daktari wa pili hakutosheka na neno, alipima. Alimlaza chali, akapima shinikizo la damu mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, huku akisikiliza mvumo wa damu kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Kipimo cha mguu hugawanywa kwa kile cha mkono. Kwa mtu mwenye afya jawabu hukaribia 1 au kulizidi kidogo, likiwa 0.9 au chini yake, ni dalili kwamba ateri za mguu zimeziba. Mkono wa mjomba ulitoa 150, mguu 75. Nusu!

Kipimo hiki nacho kina mipaka yake. Ateri za wagonjwa wa kisukari aghalabu hukakamaa zisibanike, jawabu likapanda kupita 1.4 na kumhadaa mpimaji. Hapo hupimwa kidole gumba cha mguu.

Si jambo la mzaha. Damu isipofika, kidonda hakiponi, na mguu huweza kuishia kukatwa. Isitoshe, mwenye ateri zilizoziba mguuni yumo katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Mjomba ameacha sigara, anameza dawa, na anatembea kila siku kama alivyoagizwa. Ombi langu kwa matabibu wetu ni dogo: mgonjwa akitamka "mshipa", msikimbilie dawa. Mwulizeni ni upi, unauma baada ya hatua ngapi, na akipumzika huwaje. Kisha mpimeni. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mguu uliokatwa haujengeki.