Wati 1,200 za kwenye boksi: amplifaya, spika na sabwufa za gari

Mwanafunzi akinunua gari kuukuu hapa Sydney, akishamaliza mambo ya rego na bima, kinachofuata ni muziki. Si ajabu. Sisi tumekulia ndani ya matatu na daladala, na aliyepanda matatu za Buruburu au Eastleigh anajua kwamba besi huanza kusikika kifuani kabla ya masikioni. Mimi nasomea uhandisi wa umeme, lakini hilo halikunizuia kuunguza sabwufa siku ya arusi ya rafiki yetu, tukiwa bado kwenye msafara, hata ukumbini hatujafika. Nilichojifunza kwa hasara ndicho ninachowaletea.

Boksi la amplifaya yangu lilikuwa limeandikwa wati 1,200. Dola zangu zikaenda. Ningeitazama tu fyuzi iliyochomekwa ubavuni mwake nisingedanganyika, maana ilikuwa ya ampea 25. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa kama volti 14 na kidogo, tuseme 14.4. Zidisha kwa 25, unapata wati 360 zinazoingia. Amplifaya ya daraja AB, kama ile yangu, hugeuza kiasi cha asilimia 60 tu kuwa sauti, zilizobaki ni joto. Kwa hiyo zinazotoka ni kama wati 216. Hizo 1,200 muulize aliyechora boksi.

Redio nazo zina porojo zao. Karibu kila moja imeandikwa wati 50 mara 4. Redio ya kawaida haina kifaa cha kupandisha volti, inatumia zile zile 14.4 za gari. Wimbi safi lenye kilele cha volti 14.4 lina RMS ya volti 10.2 hivi. Chukua 10.2 mara 10.2, gawa kwa omu 4 za spika, unapata wati 26, na ukitoa zinazopotea njiani zinabaki kama 20. Sasa jaribu 14.4 mara 14.4, gawa kwa 4. Karibu 52! Ndiyo ile 50 yao. Yaani wamehesabu wimbi lililokatwa kichwa na miguu mpaka likawa mraba, muziki ambao hakuna binadamu atausikiliza kwa raha. Kwa hiyo tafuta wati za RMS. Ukikuta alama ya CEA-2006, siku hizi CTA-2006, ni kiwango cha Marekani ambacho wati hupimwa kwa volti 14.4 na omu 4, na mchafuko wa sauti usizidi asilimia 1. Hapo angalau mnaongea lugha moja.

Sasa, sabwufa yangu ilikuwa ya wati 200 za RMS. Kwa hesabu za hapo juu ilifaana kabisa na ile amplifaya. Iliungua vipi? Tatizo nilitaka kusikia 1,200. Nikazungusha geni mpaka mwisho, nikidhani ni kitufe cha sauti. Siyo. Geni ni ya kulinganisha nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio na yale amplifaya inayotegemea kupokea, basi. Ukiipita, mawimbi yanakatwa vichwa, na wimbi la mraba hubeba nguvu inayokaribia mara mbili ya wimbi safi la kilele hicho hicho. Koili ikala joto ile nusu saa nzima ya msafara. Ndiyo maana amplifaya dogo linaweza kuua spika, na kubwa kiasi likaiacha salama mikononi mwa mtu mwenye adabu.

Jambo linalowachanganya wengi ni omu. Spika nyingi za gari ni omu 4. Ukiunga mbili sambamba zinakuwa 2, ukiunga kwa mfululizo zinakuwa 8. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyovutwa umeme mwingi, na ikivutwa kupita uwezo wake inajizima au inaungua. Sabwufa yenye koili mbili za omu 4 hukupa 2 au 8, huwezi kupata 4 hata uombe. Ukiitaka 4 nunua yenye koili mbili za omu 2, uziunge kwa mfululizo. Na ukiunganisha chaneli mbili za amplifaya ziwe moja, kila chaneli inaona nusu ya mzigo. Amplifaya inayovumilia omu 2 kwa kila chaneli, hapo itavumilia 4 tu. Soma kitabu chake kabla ya kuunga, tafadhali.

Kupanga geni ni kazi ya dakika kumi na multimita. Chomoa spika, weka redio robo tatu ya sauti, piga mlio wa hezi 50, kisha pima volti za AC kwenye kutokea kwa amplifaya. Volti unazotaka ni kipeo cha pili cha wati mara omu. Wati 200 kwa omu 4 ni kipeo cha pili cha 800, yaani volti 28. Zikifika, acha.

Waya msiufanyie ubahili. Amplifaya ya daraja D ya wati 500, yenye ufanisi wa asilimia 80, inavuta wati 625, ambazo ni zaidi ya ampea 43. Kwa waya wa kutoka boneti mpaka buti, mimi naweka namba 4. Na fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Ile ya kwenye amplifaya haiulindi waya unaopita chini ya kapeti. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi bila fyuzi, betri itamwaga kila ampea iliyo nayo hapo hapo, na kapeti inashika moto.

Halafu kuna masikio. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti utakayoitambua lakini haitakushtua. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika ya desibeli 90 kwa wati moja itakufikisha mbali sawa na ya 87 yenye amplifaya maradufu, na ni rahisi zaidi. Na kwa New South Wales, muziki wa gari unaoudhi watu ni kosa, polisi wanaweza kukuandikia faini.

Sabwufa ile bado ninayo, koili nyeusi kama mkaa. Anayetaka kuiona kabla ya kununua yake aniambie kwenye mkutano wa chama, nitaibeba.