Super Monaco GP: Kwa nini mchezo wa mbio wa mwaka 1990 si rahisi kuuhifadhi

Mashindano ya magari ya Formula One hayajafanyika barani Afrika tangu mwaka 1993, yalipoandaliwa kwa mara ya mwisho Kyalami, Afrika Kusini. Mwezi Desemba 2024, Rwanda ilitangaza mjini Kigali kwamba inaomba kuyarejesha. Katika miaka yote hiyo, wapenzi wengi wa mbio barani humu wameyafahamu magari hayo, yenye magurudumu yaliyo nje ya bodi, kupitia kioo cha televisheni tu: ama kwa kutazama matangazo, au kwa kucheza michezo ya video.

Miongoni mwa michezo iliyojipatia jina ni Super Monaco GP, kazi ya kampuni ya Sega ya Japani. Ulitoka mwaka 1989 ukiwa mashine kubwa ya kumbi za michezo, na mwaka 1990 ukatolewa kwa ajili ya Mega Drive, mashine ya kuchezea nyumbani iliyounganishwa na televisheni. Leo wahifadhi wa historia wanaonya kwamba sehemu kubwa ya michezo ya zama hizo inatoweka. Mchezo huu mmoja unatosha kuonyesha sababu, kwa maana umefungamana na vitu vitatu ambavyo kila kimoja ni kigumu kukihifadhi: mashine, majina na sheria.

Barabara iliyopindishwa mstari kwa mstari

Mega Drive ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1988. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa kilobaiti 64, kiasi kisichotosha kuhifadhi hata picha moja ya kawaida inayopigwa na simu ya leo. Haikuundwa kwa ajili ya kukokotoa umbo la barabara lenye urefu, upana na kina. Vipi basi mchezaji alihisi kwamba anaingia kwenye kona kwa kasi?

Jibu limo katika namna televisheni za zamani, zile zenye chogo nyuma, zilivyofanya kazi. Picha haikutokea yote kwa pamoja, bali ilichorwa mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini. Watengenezaji walichora barabara iliyonyooka, pana kwa chini na nyembamba karibu na upeo wa macho. Kisha mashine ikaamriwa kuusogeza kila mstari kando kwa kiasi chake. Mistari ya mbali ikisogezwa sana na ya karibu ikisogezwa kidogo, jicho huona kona. Rangi za kingo za barabara nazo zikipishana upesi, jicho huona mwendo.

Magari ya wapinzani yalihitaji ujanja mwingine. Mashine ya ukumbini ilikuwa na uwezo wa kukuza na kupunguza picha papo hapo. Mega Drive haikuwa nao. Kwa hiyo gari lile lile lilichorwa mara kadhaa, kuanzia dogo hadi kubwa, na picha hizo zikabadilishwa kwa zamu kadiri mchezaji alivyolikaribia. Juu ya kioo kiliwekwa kioo kingine cha kutazama nyuma, ili dereva amwone anayemfukuza.

Kwa sababu hiyo, kuuhifadhi mchezo huu ni zaidi ya kuiweka kaseti yake kabatini. Miguso ya kaseti huingia kutu, mashine huharibika, na televisheni zilizokusudiwa kuonyesha picha hizo zimekwisha kuondoka katika nyumba nyingi. Njia iliyobaki ni kunakili yaliyomo na kuyaendesha kwa programu zinazoiga mashine ya zamani. Hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka kuwa suala la haki.

Majina ya kubuni

Sega haikutumia majina halisi ya timu na madereva wa wakati ule. Mchezaji alikuta majina yanayokaribiana nayo kwa sauti: Firenze kwa waliozoea Ferrari, Minarae kwa Minardi, Tyrant kwa Tyrrell. Timu yenye nguvu kuliko zote, katika zama ambazo McLaren ilitawala, iliitwa Madonna. Kila mfuatiliaji wa mbio alielewa nani anakusudiwa, lakini hakuna jina lililotajwa.

Ndani ya pazia hilo la majina kulikuwa na simulizi yenye ukweli wake. Mchezaji alianza katika timu dhaifu ya Minarae. Kabla ya mbio alimchagua mpinzani, na akimshinda mara mbili alipewa nafasi ya kuchukua kiti chake katika timu iliyo bora zaidi. Akishindwa, naye aliweza kupoteza kiti alichonacho. Michezo mingi ya mbio ya wakati ule iliuliza tu nani atafika kwanza. Huu ulionyesha kwamba katika Formula One kipaji bila gari zuri hakifiki mbali, na kwamba kupanda daraja ni jambo moja na kubaki juu ni jingine. Aliyetwaa ubingwa katika msimu wa kwanza alijikuta, katika msimu wa pili, akikabiliwa na dereva hatari aitwaye G. Ceara. Ceará ni jimbo la Brazil, na jina lenyewe, likitamkwa, linaelekea kule kule kwa Mbrazil aliyekuwa bingwa wa dunia: Ayrton Senna.

Senna kwa jina lake

Mwaka 1992 pazia hilo liliondolewa kwa mtu mmoja. Sega ilitoa mchezo wa pili, Ayrton Senna's Super Monaco GP II, kwa makubaliano na dereva mwenyewe. Senna, aliyekuwa ameshinda ubingwa wa dunia mwaka 1988, 1990 na 1991, alitoa ushauri, na jina lake likawekwa kwenye jalada. Nchini Brazil, ambako kampuni ya Tectoy ilikuwa wakala wa Sega, hilo halikuwa jambo dogo.

Tarehe 1 Mei 1994 Senna alifariki dunia kwa ajali katika mbio za Imola, Italia, akiwa na umri wa miaka 34. Mwaka huo huo familia yake iliunda taasisi yenye jina lake, inayoshughulikia elimu ya watoto wa Brazil, na matumizi ya jina la Senna katika bidhaa huichangia taasisi hiyo kipato. Kwa hiyo jina lililoupamba mchezo ndilo linalofanya kuurudisha sokoni kuhitaji ridhaa ya zaidi ya upande mmoja: mwenye mchezo na wenye haki ya jina.

Ridhaa ya aina hiyo inawezekana. Mwaka 2021 kampuni ya Aquiris ya Porto Alegre, Brazil, ilitoa Senna Sempre, nyongeza ya mchezo wake wa mbio wenye mtindo wa kizamani, Horizon Chase Turbo, na sehemu ya mapato ikaelekezwa kwa taasisi hiyo. Hata hivyo, hiyo ni kazi mpya inayomkumbuka Senna. Haiurudishi mchezo ambao Senna mwenyewe alishiriki kuutengeneza.

Sheria inasema nini?

Mwaka 2023 shirika la Marekani la Video Game History Foundation lilichapisha utafiti kuhusu michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010. Ulibaini kwamba asilimia 87 ya michezo hiyo haiuzwi tena. Anayeitaka hana budi kutafuta kaseti kuukuu na mashine yake, kwenda mahali inapohifadhiwa, au kutumia nakala zisizo halali.

Maktaba za Marekani zinaruhusiwa, kwa masharti, kuhifadhi nakala za michezo ya namna hiyo, lakini mtafiti hana budi kufika mwenyewe. Mwezi Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuwaruhusu watafiti kuitumia michezo hiyo wakiwa mbali, kwa njia ya intaneti. Chama cha kampuni za michezo nchini humo kilikuwa kimepinga ombi hilo, hoja ikiwa kwamba ruhusa hiyo ingetumiwa kwa burudani na kuliumiza soko la michezo ya zamani inayotolewa upya. Wahifadhi hujibu kwamba kwa michezo mingi soko hilo halipo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Kampala au Kigali anayetaka kuichunguza michezo iliyo katika maktaba hizo atalazimika kusafiri hadi Marekani.

Nchini Japani, sheria inayowataka wachapishaji kuwasilisha nakala katika Maktaba ya Taifa ya Bunge ilianza kujumuisha kazi za kielektroniki kama michezo ya video mwezi Oktoba 2000. Super Monaco GP ulikuwa umetoka miaka 10 kabla, hivyo sheria hiyo haikuugusa.

Ruhusa za aina iliyokataliwa Marekani hupitiwa upya kila baada ya miaka 3, na wahifadhi wana nafasi ya kurudi na ombi jingine. Kaseti za mwaka 1990, kwa upande wake, zinaendelea kuzeeka.