Kuhama Jimbo Kabla ya Kupata Uraia wa Marekani

Yafaa kila mwenye jamaa Marekani aijue habari hii. Mgeni aombaye uraia wa nchi ile hana budi awe amekaa miezi 3 katika jimbo lake, au katika wilaya ya Idara ya Uhamiaji, kabla ya kupeleka ombi. Akiisha kulipeleka hakatazwi kuhamia jimbo jingine, wala ombi halifi kwa sababu hiyo. Jalada lake hupelekwa katika ofisi ya huko alikohamia, na huenda siku ya mahojiano ikasogezwa mbele.

Lakini sheria yamtaka aiarifu Idara mahali pake papya katika siku 10 baada ya kuhama. Kuwaarifu watu wa posta peke yao hakutoshi. Barua ya kumwita ikienda nyumba ya zamani, naye asifike wala asitoe udhuru, ombi hufungwa. Ukipita mwaka 1 bila yeye kuomba lifunguliwe, huhesabiwa kuwa ameliacha. Itampasa kuanza upya na kulipa ada tena.

Basi twawasihi walimu, na wote wawaandikiao jamaa zao walioko huko, wawakumbushe neno hili: ahamaye na aseme aendako.