Mzee Asiyejibu, Mpime Masikio Kwanza

Mkulima mwenzangu, ng'ombe wako akikataa majani asubuhi, hata jua halijapanda umekwisha kumwita daktari wa mifugo. Lakini mzee wako akiacha ugali siku tatu, wasema, "Ni uzee tu." Leo tuzungumze juu ya maneno hayo, kwa maana yanaficha maradhi mengi yenye dawa.

Mwaka jana wana wawili walikuja ofisini kwetu na baba yao, mmoja wa wale waliopewa mashamba ya skimu katika miaka ya 1960. Walitaka jina lake liondolewe katika daftari la mbolea, na la mwana mkubwa liandikwe. "Baba amepotewa na akili," wakasema. Nikamwuliza mzee ana ekari ngapi. Akajibu, "Mvua ilichelewa." Wana wakatazamana.

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisi hii. Tulifundishwa kwamba mtoto asiyejibu, usimwite mjinga kabla hujajua kama anasikia. Basi nikaandika swali langu kwa herufi kubwa. Mzee akasoma, akacheka, akanitajia ekari zake, ng'ombe wake, na hata mwaka aliomaliza kulipa deni la shamba. Nikawasihi wampeleke dispensari kwanza. Kumbe masikio yalikuwa yamezibwa na nta! Yaliposafishwa, mzee alirudi ofisini peke yake, na jina lake halikufutwa.

Usidhani ni kisa cha mtu mmoja. Katika miaka ya 2007 na 2008, waganga wa macho walipita vijijini hapa Nakuru wakawapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Karibu nusu yao walikuwa na presha ya damu. Presha haina kelele. Mtu hulima nayo mpaka siku inapomwangusha. Na mtoto wa jicho, ambaye huwapofusha wazee wengi, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Ni huzuni mtu kukaa gizani kwa ugonjwa unaotibika.

Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 2019 wa kuwapima wazee katika mambo sita. Hata wewe waweza kuanza nyumbani:

1. Kumbukumbu. Mtajie maneno matatu, kama jembe, mbuzi, kikombe. Zungumzeni mengine kidogo, kisha umwulize ayataje.

2. Mwendo. Aketi kitini, mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5. Zikipita sekunde 14, miguu imepungua nguvu. Simama karibu naye asianguke.

3. Chakula. Je, amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi 3? Je, hana hamu ya kula?

4. Macho. Je, aona vizuri mbali na karibu?

5. Masikio. Simama nyuma yake, umnong'oneze maneno machache. Je, aweza kuyarudia?

6. Moyo. Je, majuma mawili haya amekuwa na huzuni, au hafurahii tena mambo aliyoyapenda?

Ukiona kasoro katika moja tu, usimpe jina la ugonjwa wewe mwenyewe. Mpeleke dispensari, ukachukue na dawa zake zote katika mfuko mmoja, za hospitali na za miti shamba, kwa kuwa dawa nyingine hugombana tumboni. Mweleze muuguzi pia kama mzee ameanguka mwaka huu. Ikiwa hawezi kutembea, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji hawa wamepewa vifaa vya kupimia presha na sukari, nao hufika nyumbani.

Na ninyi wazee msomao gazeti hili, msifiche maumivu kwa kuogopa kuwatia watoto gharama. Ugonjwa uliofichwa ndio wenye gharama kubwa.

Watu hawa ndio waliong'oa visiki vya mashamba tunayolima leo. Basi jioni hii, baada ya kukama, keti na mzee wako umwulize maswali haya sita. Na kabla hujasema amepotewa na akili, jaribu masikio yake.