Vyuma vya Dirisha na Zana za Kuvikatia

Dirisha la orofa ya pili katika nyumba yetu ya Mji wa Kale wa Mombasa, lile linalotazama Bandari ya Zamani na kupokea upepo wa bahari mwaka mzima pasina kizuizi, lina vyuma saba vya kusimama, na katika hivyo saba, vitatu vilikuwa vimeliwa na kutu hata vikabaki vyembamba kama penseli pale vinapoingia ukutani. Mtu asiyekaa kisiwani huenda akadhani kuwa dawa yake ni nyepesi: kushika chuma kibovu, kukitikisa na kuking'oa. Walakini kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chuma kishikapo kutu ndani ya ukuta huvimba, maana kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyochukuliwa na chuma chenyewe. Basi ukuta huwa umekwisha kupasuka kwa ndani kabla jicho halijaona ufa, na mwenye kukivuta chuma hicho kwa nguvu hubaki nacho mkononi, na kipande cha ukuta kimemwangukia miguuni. Chuma cha namna hiyo hukatwa, tena hukatwa taratibu, kwa mtikisiko mdogo kadiri iwezekanavyo. Haja hiyo ndiyo iliyonipeleka madukani miezi hii michache iliyopita, na ndiyo iliyoligeuza behewa la nyumba, ambalo awali lilikuwa la kuanikia nguo, likawa karakana yenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nne.

Ununuzi wa kwanza ulikuwa wa kijinga, nami naukiri. Nilinunua msumeno wa chuma kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake chini kando ya njia, fremu nyepesi iliyopakwa rangi ya manjano, na bledi yake nikapewa bure, jambo ambalo peke yake lingalitosha kunitanabahisha. Sikufika nusu ya chuma cha kwanza ila bledi ilikuwa imekwisha meno, laini kama ukingo wa sahani, na fremu imejipinda hata mkato ukawa unakwenda upogo. Kesho yake nikaenda Mwembe Tayari, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi, nikamweleza masaibu yangu kijana aliyekuwa nyuma ya meza, naye akanisikiliza kwa adabu hata nikamaliza, kisha akaniuliza, "Ami, chuma chenyewe ni kizima au kina uwazi ndani?"

"Ni kizima," nikamjibu, "unene wake nusu inchi."

"Basi uliuziwa bledi ya mabomba."

Sikuwa na habari, kwa umri wangu huu, kwamba bledi za msumeno wa chuma, ambazo zote huonekana sawa, urefu wake aghalabu milimita 300, hutofautiana kwa idadi ya meno yaliyomo katika kila inchi, na kwamba idadi hiyo huandikwa juu ya bledi yenyewe: 18 kwa chuma kizima na kinene, 24 kwa kazi za wastani, na 32 kwa bati na mabomba membamba. Kanuni yake ni kwamba wakati wowote meno yasiyopungua matatu yawe yameukanyaga mkato; yakipungua, jino moja hubeba uzito wote, likanasa na kuvunjika, ilhali yakizidi mno katika chuma kinene, vumbi la chuma hujaa baina ya meno, na msumeno ukateleza pasi na kukata. Kwa bomba ambalo ukuta wake ni milimita moja na nusu hata zile 32 hazitoshi, ndipo fundi huulaza msumeno kwa mshazari ili meno mengi zaidi yapate kugusa. Kijana yule alinipa bledi ya pua ngumu, iliyochanganywa madini mawili, meno yake magumu na mgongo wake wenye kunyumbuka, kwa bei iliyozidi mara tatu ile ya bledi za kawaida, nami nikalipa huku nikinung'unika moyoni. Bledi hiyo imekata vyuma vyote vitatu, juu na chini, nayo ingali katika fremu hadi leo. Fremu nayo nilibadili nikachukua nzito, yenye kipepeo cha kukazia ambacho hakilegei, kwa kuwa bledi isiyokazwa sawasawa hukata kombo hata akiishika bingwa.

Kazi yenyewe ina utamu wake kwa mtu mwenye saburi. Meno huelekezwa mbele, mbali na mpini. Mkono husukuma kwa uzito na kurudi mwepesi, kwa sababu kurudi hakukati kitu ila hulitia jino butu. Na mwendo hauwi wa haraka, mara hamsini hivi kwa dakika ni wastani mzuri. Tone la mafuta hutiwa, na mara ile uchafu mweusi hutoka mkatoni. Kisha sauti hubadilika. Mwanzo ni mkwaruzo mkavu, halafu huwa kama mtu akoromaye katika chumba cha jirani, na inapokaribia mwisho hupanda juu na kuwa nyembamba, ndipo mtu hupaswa kupunguza nguvu na kukishika chuma kwa mkono wa pili, la sivyo kitaanguka, nacho cha kwanza kilianguka kweli, kikagonga ngazi zote mpaka chini, na bibi wa nyumba ya pili akauliza kwa dirisha lake kama kuna mtu aliyeumia.

Ununuzi wa pili ulikuwa wa jiriwa, na huo ndio nausifu kuliko yote. Nilitaka kununua mpya, lakini mzee mmoja wa Kibokoni, ambaye amepita miaka themanini na ambaye katika ujana wake alisoma ufundi katika MIOME, yaani ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyogeuzwa kuwa Mombasa Technical Institute mwaka 1966, ikawa Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, alinikataza katakata. Alisema jiriwa mpya ya bei rahisi huvunjika taya kama tosti, na kwamba nitafute iliyotumika, miongoni mwa vile vitu vikuukuu vinavyoingia kutoka Uingereza. Nikaitafuta, nikaipata, imefunikwa rangi za kila namna na imekosa mpini, uzito wake ukiwa kazi ya watu wawili kuupandisha ngazini. Nilipoipeleka kwake kuionyesha hakuitazama rangi, alifungua taya, akaingiza kipande cha karatasi, akakaza, akakivuta, kikakataa kutoka, kisha akasema, "Hii itakuzika wewe."

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifunza tupa. Mimi nilidhani tupa ni ya kunolea mapanga. Kumbe msumeno hukata tu, na kukata si kumaliza, kwa kuwa kila mkato huacha ukingo wenye makali, tena haukosi kuwa upande kidogo, na chuma kipya hakikai sawa katika tundu lake mpaka tupa ipite. Alinitaka ninunue mbili, moja ya meno makubwa na moja laini, kila moja na mpini wake wa mti, kwani ncha ya tupa isiyo na mpini huweza kupenya kiganja. Alinionyesha kuipaka chaki kabla ya kazi ili vumbi la chuma lisigande katika meno, kuisukuma mbele tu na kuiinua wakati wa kurudi, na kuizungushia kitambaa baada ya kazi, kwa maana tupa zikigusana hutiana butu, na hewa yetu ya chumvi huziandama usiku kucha. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi si mwana wa mhunzi, lakini nilivukuta nyuma ya mzee huyo jioni nne mfululizo.

Si ajabu kuwa mambo haya yamekaa Mombasa. Al-Idrisi, katika kitabu chake cha jiografia cha mwaka 1154, alitaja machimbo ya chuma ya watu wa Malindi na Mombasa. Wahunzi wa pwani walisana misumari ya majahazi kwa karne nyingi, msumari mmoja mmoja juu ya fuawe. Na tangu reli ilipoanza kutandazwa kutoka kisiwani mwaka 1896 hapakukosekana hapa mtu ajuaye kukata pao la chuma. Na atakaye kuona bahari inavyokitenda chuma na aende Ngomeni, yaani Fort Jesus, kutazama vitu vilivyoopolewa katika merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo chini mwaka 1697 wakati wa mazingiwa ya ngome hiyo, ikachimbuliwa na wapiga mbizi tangu 1977 hadi 1980.

Ununuzi wa tatu ni grainda. Niseme kweli kwamba niliinunua kwa tamaa, baada ya kuchoka bega, na kwamba katika karakana za jua kali hakuna awezaye kuishi bila hiyo, maana hukata kwa dakika moja chuma ambacho mkono hukikata kwa robo saa. Diski ya milimita 115 ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake huenda mita 66 kwa sekunde, karibu mara mbili ya mwendo wa treni ya Madaraka Express, ambayo kasi yake ni kilomita 120 kwa saa. Lakini cheche zake huruka mbali, na nyumba zetu zina boriti kavu za miaka mia na nguo za jirani zimetundikwa hatua mbili kutoka dirishani. Fauka ya hayo, mlio wake katika kichochoro cha mawe haupotei, hugonga ukuta hata ukuta. Niliiwasha mara ya kwanza saa nane mchana, wakati watu wamelala, na sitarudia.

Lipo jambo moja la grainda ambalo nalisema kwa uzito, kwa kuwa nimeona likipuuzwa kila mahali. Diski za kukatia zimeshikanishwa kwa gundi ya rezini, na gundi hiyo hudhoofika kwa unyevu na kwa kukaa sana, ndiyo sababu diski nzuri hupigwa chapa ya mwezi na mwaka wa kwisha katika ile pete ya chuma iliyo katikati. Katika mji huu ambao mwezi wa Mei hata viatu huota ukungu kabatini, diski iliyoachwa wazi uani ni ya kutupwa. Na wapo mafundi waondoao kinga ya grainda ndogo ili wapate kutia diski kubwa ya milimita 230. Mwendo wa ukingo wake hapo hupita mita 130 kwa sekunde, ilhali imetengenezwa isizidi 80. Diski hiyo ipasukapo, vipande vyake havichagui uso. Ewe mwenye grainda, soma pete ya diski kabla hujaifunga, rudisha kinga mahali pake, na vaa miwani.

Vyuma vipya vitatu sasa vimesimama katika dirisha letu, vimetiwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili na kushikizwa kwa chokaa. Jirani atakaye kuazima grainda na aje baada ya swala ya alasiri, naye nitampa pamoja na miwani. Jiriwa haibebeki, basi na ailetee kazi yake hapa. Tupa siazimishi mtu.