Kompyuta ikikagua diski kila iwashwapo, okoa nyaraka kwanza
Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

KOMPYUTA ya Windows ikikagua diski yake mara moja baada ya umeme kukatika ghafla, hakuna haja ya hofu: inatafuta faili zilizovurugika. Lakini ukaguzi huo ukijirudia kila inapowashwa, hasa ukiambatana na mlio wa kugonga-gonga, huenda diski inaelekea kufa.

Kwa ofisi au shule ya Mpwapwa yenye kompyuta moja, diski hiyo ndiyo kabati la nyaraka zote.

Wengi hukosea kwa kuanza na matengenezo. Ukaguzi wa kina husoma diski nzima, na waweza kuimaliza kabisa. Kwanza nakili nyaraka kwenye flashi, kisha kagua waya wa diski. Tatizo likiendelea, nunua diski mpya.