Ritena nayo inataka mswaki wake

Binti yangu alifanya alichokiona nyumbani tangu utotoni: kitu cha kuingia mdomoni huchemshwa. Maji ya kunywa tunachemsha, chupa ya mtoto mchanga tunachemsha. Basi asubuhi moja naye akamimina maji ya chupa ya chai kwenye kikombe, akatumbukiza ritena yake ili vijidudu vife. Alipoitoa ilikuwa imejikunja kama mfuko wa nailoni uliopitiwa na moto. Akaisukuma kwenye meno, ikagoma.

Mama yangu, aliyekuwa mezani na kikombe chake cha chai, aliichukua akaigeuzageuza.

"Mjukuu wangu, hii umeipika."

Akacheka, na meno yake ya bandia yakaonekana yote, meupe, yasiyo na doa. Kwa miaka mingi ameyalaza usiku kwenye glasi ya maji baridi. Somo la kwanza la ritena lilitolewa pale mezani, kabla hatujarudi kwa daktari kupima meno upya na kutengenezewa nyingine.

Kwa asiyeijua, ritena ni kifaa anachovaa mtu baada ya kuvuliwa waya za kunyooshea meno. Jino halikupigiliwa tayani kama msumari. Limeshikwa na nyuzi nyembamba zinazolifunga kwenye mfupa, mfano wa mashua iliyofungwa gatini. Waya zikishalisogeza, mfupa unahitaji muda wa kujijenga upya kulizunguka, na zile nyuzi huendelea kulivuta lirudi lilikotoka. Ritena ndiyo inayolizuia. Ndiyo maana wengi huambiwa waivae karibu saa zote miezi ya mwanzo, kisha usiku tu kwa miaka.

Ziko za aina tatu. Ya zamani ni ile iliyobuniwa na daktari wa Marekani, Charles Hawley, mwanzoni mwa karne ya 20: bamba la akriliki linalokaa kwenye kaakaa, na waya unaopita mbele ya meno. Ya pili ni ya plastiki angavu inayoyafunika meno yote kama glovu. Ya tatu haivuliwi; ni waya mwembamba uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele.

Ile ya plastiki angavu, kama ya binti yangu, hutengenezwa kwa kupasha moto karatasi ya plastiki mpaka ilainike, kisha kuivuta ishike umbo la nakala ya meno ya mgonjwa. Joto ndilo lililoipa umbo, na joto ndilo linaloliondoa. Maji ya moto, chai iliyotoka jikoni, au gari lililofungwa vioo mchana wa Dar es Salaam, vyote vinaweza kuirudisha ilikoanzia.

Harufu inatoka wapi

Meno yana mlinzi asiyelala: mate. Huyaosha kutwa na kupunguza makali ya asidi. Ukivaa ritena, mate hayapiti vizuri chini yake. Bakteria waliobaki pale hujijengea utando, ule utelezi unaousikia kwa ulimi asubuhi. Utando huo ukiachwa, hunyonya madini yaliyomo kwenye mate na kuwa mgumu, ukageuka ukoga mweupe unaokwaruza. Harufu ni hewa inayotolewa na bakteria hao wanapokula mabaki ya chakula na chembe za mdomo.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tukisikia harufu tunatafuta dawa kali: maji yanayotokota, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, mswaki mgumu wenye dawa ya meno nyingi. Lakini utando huo ni kama samaki, hukunjwa ungali mbichi. Utando wa usiku mmoja hutoka kwa maji baridi na mswaki laini. Wa wiki mbili hautoki hata ukiusugua mpaka mkono uchoke. Usafi wa ritena unataka kuwahi, hautaki nguvu.

Dawa ya meno yenyewe ni mtego. Ndani yake mna chembechembe za kusugulia, na gamba la juu la jino linazihimili kwa kuwa ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Plastiki haina ugumu huo. Kila asubuhi inapata mikwaruzo midogo, inapoteza uangavu, na kila mkwaruzo unakuwa nyumba mpya ya bakteria. Unasafisha huku unawajengea.

Dakika mbili za asubuhi

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ivue kwa vidole vya mikono yote miwili, kulia na kushoto kwa pamoja. Ukivuta upande mmoja inapinda au inapasuka. Isuuze hapohapo kabla mate hayajakauka juu yake. Tia tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na manukato makali, kisha sugua taratibu ndani na nje kwa mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo tu. Suuza mpaka ladha ya sabuni iishe. Na kabla ya kuivaa tena, piga mswaki meno yenyewe, maana ritena safi juu ya meno machafu ni kifuniko cha taka.

Mara moja kwa wiki iloweke. Vidonge vya kusafishia meno ya bandia, vinavyotoa mapovu kwenye maji, hupatikana kwenye maduka ya dawa. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Baadhi vina kemikali iitwayo pasalfeti, na mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji waweke onyo kwamba inaweza kuleta mzio. Kwa hiyo kidonge ni cha glasi, kamwe si cha kinywa, na ritena isuuzwe sana kabla ya kuvaliwa.

Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wana kazi ya ziada. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika huganda na kwenye ritena. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huulainisha kwa dakika 15 hivi. Ikiwa ritena ina waya, usiisahau humo usiku kucha. Asidi na chuma havipatani.

Wakati wa kula, ivue. Chai yenye sukari ikinaswa ndani ya ritena huogesha meno kwa sukari mpaka utakapoivua, na bizari ya mchuzi huacha rangi ya manjano isiyotoka. Ila usiifunge kwenye karatasi ya kufutia mikono. Ritena nyingi zimekwenda na masahani ya harusini. Iwe na kijisanduku chake chenye matundu ya kupitisha hewa, nacho kioshwe, la sivyo unalaza kitu safi kwenye kitanda kichafu.

Mwenye waya wa kugandishwa apitishe uzi wa meno chini yake, au atumie mswaki mwembamba wa kuingia katikati ya meno, kwa sababu ukoga hupenda kujificha pale. Na kwa aina yoyote, ikipasuka, ikilegea, ikinuka hata baada ya kuoshwa, au kaakaa likiwa jekundu na kuwasha, mwone daktari wa meno. Wekundu huo huenda ni wa fangasi, na siki haiwezi kuwaondoa. Kila unapokwenda kuangaliwa meno, beba na ritena yako.

Siku hizi kwenye rafu ya bafuni kwetu kuna glasi ya bibi na kijisanduku cha mjukuu, na miswaki miwili midogo isiyoingia kinywani mwa mtu. Juzi usiku binti yangu alikuwa amechoka, akakiosha kifaa chake vizuri, akakifungia sandukuni, akaenda kulala bila kukivaa. Bibi yake akamwita kutoka mlangoni.

"Mjukuu wangu, yangu yalishaondoka. Yako bado yanatafuta njia. Rudi uyafunge."